Mkono Uliokosa Gumba

Ilianza na vidole vinne, na vidole vinne peke yake si kitu cha kumtoa mtu mbio.

Vilikuwa kwenye mchoro wa Muuguzi, juu ya bega la kulia la mwanamke aliyekaa kigodani, vimetulia kama vidole vya mtu aliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Darasa zima liliviona alasiri ile, na hakuna aliyeuliza ni vya nani. Darasani mwao kuuliza hivyo kulikuwa mwiko.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la vitambaa, chenye dirisha pana upande usiopigwa jua na sakafu ya mbao iliyolalamika kila ilipokanyagwa. Mwalimu alikuwa amefundisha uchoraji shuleni miaka thelathini. Alipostaafu akagundua kwamba hawezi kukaa nyumbani siku tatu bila kumsahihisha mtu, basi akaanzisha darasa la watu wazima, kila Jumamosi saa tisa alasiri. Wakaja watatu. Wa kwanza alikuwa Muuguzi, kijana mpole aliyechora kama anavyodunga sindano: unashtukia ameshamaliza. Wa pili alikuwa Msusi, mwanamke mcheshi mwenye ulimi uliokata kuliko mkasi wake. Wa tatu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa makamo aliyeanza kupunguza safari, ambaye alijua kuomba radhi kwa lugha saba kwa sababu ndicho alichohitaji zaidi mipakani.

Dereva hakuja kwa kupenda sanaa. Mwalimu alikuwa amemwomba mke wa dereva awe ndiye wa kukaa kigodani achorwe, na dereva akasema haiwezekani watu wamkodolee macho mkewe saa mbili nzima huku yeye mume yuko nyumbani anaosha vyombo. Akanunua penseli. Mchoro wake wa kwanza ulimwonyesha mkewe kama gunia la viazi lililovishwa kilemba, na Msusi akambatiza papo hapo: Bwana Gunia. Jina likanata. Yeye mwenyewe alisema katika majina yote aliyowahi kuitwa na maaskari wa mipakani, hilo ndilo la heshima zaidi. Ni mkewe tu aliyekataa kulitumia. Yeye alimwita Baba Pacha, kama alivyomwita tangu mapacha wao wazaliwe, na mumewe alimwita Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa fundi wa vyerehani. Hakushona nguo, alitengeneza vyerehani vyenyewe. Mtu akimletea mashine iliyogoma, aliinama, akalaza sikio lake la kulia juu ya chuma, akazungusha gurudumu polepole kwa mkono, kisha akasema sindano imepinda, au meno yamelika, na hakuwahi kukosea. Sikio hilo lilikuwa na mkato mdogo kwenye ncha ya chini, pale mkanda wa mashine ulipowahi kunasa hereni akiwa msichana. Ndilo lililowasomesha mapacha.

Mwalimu alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza aliiandika ukutani: chora unachokiona, si unachokijua. Ya pili ilihusu saa ya kutundika, ambapo michoro yote ilibanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo na kila mmoja akasema kuhusu mchoro wa mwenzake jambo moja lililokaa vizuri na jambo moja la kurekebisha, na mwenye mchoro akarekebisha hapo hapo kabla ya kwenda nyumbani. Kuuliza "hiki nini?" hakukuruhusiwa. Mwalimu alisema swali hilo limeua wachoraji wengi kuliko njaa. Mtu akichora kitu, msaidie kukimalizia.

Basi Msusi alipofika kwenye mchoro wa Muuguzi alisema kivuli cha shingo kimekaa vizuri, ila mkono ule begani umekosa gumba. Mwalimu akakubali. Muuguzi akachukua penseli, akatia gumba, na kwenye kigoda Mama Pacha akatikisa bega lake la kulia na kuuliza ni nani ameacha dirisha wazi. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Jumamosi iliyofuata mkono ulikuwa kwenye mchoro wa Msusi pia. Safari hii alikuwa Gunia aliyetoa maoni. Alisema kiganja hakiwezi kuning'inia hewani kama shati kwenye kamba, kipewe kifundo, na kifundo kipewe mkono wa kukishikilia. Mwalimu akamsifu mbele ya wote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusifiwa chumbani humo, akarudi nyumbani akipiga mluzi, akamsimulia mkewe mara mbili. Jambo hilo lilikuja kumkosesha usingizi baadaye.

Jumamosi ya tatu harufu ilitangulia. Walipopanda ngazi waliikuta imewasubiri mlangoni, harufu kama ya njiti ya kiberiti iliyozimwa kwa mate. Wakachora bila mizaha. Mwalimu aliposema penseli chini, penseli tatu zikawekwa chini, na wote wakasikia ya nne ikiendelea kukwaruza karatasi, taratibu, mistari mitatu mirefu, kisha ikanyamaza.

Saa ya kutundika hakuna aliyetaja jambo zuri. Walianza moja kwa moja na makosa, na walizungumza kama watu wanaogombania kiti. Msusi alimwambia Muuguzi kwamba mtu anayechora goti namna ile asingepaswa kuruhusiwa kumfunga mgonjwa bandeji. Kisha akagusa midomo yake, kama aliyeonja kitu ambacho hakukitia mwenyewe. Muuguzi, ambaye hakuwa amewahi kumjibu mtu vibaya, alimwambia afe.

Na hata hivyo walirekebisha. Goti likanyooshwa, miguu ikarefushwa kwa kipimo cha penseli, mabega yakapanuliwa. Walipomaliza, kwenye karatasi mbili kati ya tatu alisimama mtu mzima nyuma ya kigoda, mrefu, ameinama juu ya mwanamke aliyekaa, mkono begani kwake. Mahali pa uso palikuwa na duara tupu.

Kwenye karatasi ya tatu alikuwepo Mama Pacha peke yake, kwa umbo la gunia.

Mwalimu akaisimamia karatasi hiyo. "Hutazami, Bwana Gunia," alisema. "Wenzako wote wamemwona."

"Wamemwona nani?" akauliza Mama Pacha kutoka kigodani.

Wakageuka kumtazama, na nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe tu.

Watu wenye akili wangechukua viatu vyao mkononi na kushuka. Wao waliambiana kwamba ni macho tu yanawadanganya, na Mwalimu, ambaye katika miaka thelathini hakuwahi kupata wanafunzi waliochora mwili kwa usahihi ule, akaomba michoro ibaki kwenye kamba mpaka wiki ijayo. Akafunga mlango kwa ufunguo.

Jumatatu asubuhi mteja alileta cherehani kilichokuwa kinaruka mishono. Mama Pacha akainama, akalaza sikio la kulia juu ya chuma, akazungusha gurudumu. Akazungusha tena. Gunia alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, na alimwona mkewe akiinua kichwa polepole, akigeuza uso, akalaza sikio la kushoto.

"Baba Pacha," alisema kwa sauti ya chini. "Njoo uniangalie huku."

Sikio lilikuwepo. Lakini mikunjo yake ilikuwa imelainika kama ya sanamu iliyosuguliwa na mvua, na ule mkato wa ncha ya chini haukuwepo. Waliitwa wageni wawili siku hiyo. Wa kwanza alikuwa Muuguzi, aliyekuja na kitochi chake kidogo, akamulika, kisha akasema kwamba hakuna tundu. Halijaziba. Hakuna. Ni ngozi tu. Wa pili alikuwa Mwalimu, aliyekuja na ufunguo.

Wakapanda wote. Michoro ilikuwa kwenye kamba kama ilivyoachwa, na chini yake, kwenye mbao, kulikuwa na vumbi la kifutio, vile vijinyuzi vya kijivu vinavyobaki mtu akifuta. Kwenye karatasi ya Muuguzi na ya Msusi sikio la kulia la mwanamke lilikuwa limefutwa kwa uangalifu, karatasi haikuchubuka hata kidogo. Na lile duara tupu, uso wa yule aliyesimama nyuma, sasa lilikuwa na sikio moja. Lilikuwa na mikunjo yote. Kwenye ncha ya chini lilikuwa na mkato mdogo.

Gunia alichukua kifutio, akaanza kumfuta yule mtu, na mkewe akapiga yowe akashika bega, kwa sababu mkono ulikuwa umelala juu ya bega na mtu hawezi kufuta kimoja bila kugusa kingine. Akatupa kifutio. Akachukua kiberiti. Msusi akamshika mkono.

"Na yeye yumo humo," alisema. "Utamchoma na yeye. Ngoja nimwite shangazi."

Shangazi yake Msusi alitibu mambo ya majini, na hakufanana na kazi yake. Alikuja kesho yake mchana na viatu vya raba na mkoba wa plastiki, akapumzika mara tatu kwenye ngazi, akiwalaani waliojenga. Alipoingia chumbani aliacha kulaani. Akaisoma sheria ya ukutani, akauliza ile ya pili, wakamweleza. Akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayewatazama watoto waliokutwa wanacheza na petroli.

"Huyu hakuwa na umbo," alisema. "Alikuwa upepo unaopita. Nyinyi mkampa gumba. Mkampa kifundo, mkampa miguu. Kila mlipomwambia amekosea, akajirekebisha."

Gunia akauliza sasa anataka nini.

"Uso. Na haujui wa kwake ukoje, basi anachukua wa mkeo kidogo kidogo."

Alieleza dawa kwa maneno machache. Karatasi zile zitachomwa, lakini kwanza mwanamke lazima apate karatasi nyingine ya kukaa, ambamo yuko peke yake na mzima, yenye sikio lake. Achorwe na mtu asiyemwona yule. Mtu huyo asiinue macho mpaka amalize, kwani akiinua macho safari hii atamwona, na akimwona atamchora.

Wote wakamtazama Gunia, na yeye akatazama nyuma kuona kama kuna mwingine.

"Mama," alimwambia Shangazi, "mimi nikichora mbuzi watu wanauliza ni baiskeli."

"Nimeona mchoro wako," Shangazi alijibu. "Ndiyo maana mkeo bado ana sikio la pili."

Mama Pacha akakaa kigodani. Shangazi akawasha ubani ndani ya kopo la maziwa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini pembeni ya mlango. Muuguzi, Msusi na Mwalimu wakaambiwa wasimame ukutani na wasiseme neno. Gunia akakaa, akaweka karatasi juu ya ubao, akainamisha kichwa. Akajiambia kimoyomoyo kwamba hii si kitu, amewahi kurudisha nyuma lori la tela usiku kwenye daraja la mbao.

Akachora kichwa. Kikatoka kama chungu, kama kawaida yake. Akachora kilemba, shingo, mabega mawili, na juu ya mabega hakuweka kitu. Ile harufu ya kiberiti ikaja ikaifunika harufu ya ubani.

"Bega hilo liko juu mno," alisema Muuguzi.

Sauti ilikuwa ya Muuguzi, lakini hakuwa amewahi kusema kwa dharau namna hiyo. Gunia aliendelea.

"Miaka yote hiyo umelala naye," alisema Msusi, "na hujui hata pua yake imekaaje. Aibu."

Akachora pua. Penseli ya nne ilianza kukwaruza mahali fulani juu ya kichwa chake, na ubao wa sakafu ukalia mbele yake, kisha mwingine wa karibu zaidi, na upepo wa baridi ukampiga utosini kama pumzi ya mtu aliyeinama kusoma juu ya bega la mwenzake. Akachora nyusi, na kwa sababu mkono uliruka, unyusi wa kushoto ukapanda juu kuliko wa kulia, na vidole vyake vyote vikataka kuufuta, lakini kifutio alikuwa ameshakitupa.

"Tazama," ilisema sasa sauti ya Mwalimu, na ilitoka karibu sana. "Sheria ni kutazama. Sikio unalichora upande gani, la kulia au la kushoto? Una hakika? Inua macho, mara moja tu."

Na hapo akasita, kwa kuwa kweli hakuwa na hakika, karatasi humgeuza mtu, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono ukabaki hewani na jasho likamdondoka kwenye karatasi, na shingo yake ikaanza kuinuka yenyewe, nyuzi kwa nyuzi, mpaka akaona ncha za viatu vya mkewe, na nyuma ya viatu hivyo ncha za miguu isiyo na viatu, miguu mirefu, iliyopimwa vizuri kwa penseli, na ndipo alipofumba macho kwa nguvu na kwenda mahali pekee alipojua njia, ndani ya lori lake la zamani, miaka kabla ya mapacha, barabara ndefu ya vumbi, mkewe amekaa pembeni yake na upande ule ule wa kichwa umemwelekea, na yeye akisimulia upuuzi saa sita nzima, hata saba, kilomita baada ya kilomita, ndani ya sikio lile moja, akiliona kwa pembe ya jicho likiwa jekundu kwa jua la jioni, na mkato wake mdogo, na ukunjo wa juu uliojikunja kama ganda la karanga, na akalichora, macho yamefumbwa, kutoka juu hadi chini, na kwenye ncha akaweka mkato.

Mtu akapiga kelele. Haikuwa sauti ya yeyote kati yao.

"Moto," alisema Shangazi, na Msusi akazinyakua zile karatasi mbili kutoka kwenye kamba, akazitumbukiza kwenye kopo. Ziliwaka kama nywele. Gunia aliinua kichwa moshi ulipokwisha, na mkewe alikuwa amekaa kigodani akilia, mkono umefunika sikio la kulia, akiwaomba wote wapunguze sauti, na wote walikuwa kimya.

Mchoro ule ulitundikwa sebuleni, ndani ya fremu. Shangazi aliacha agizo moja: usisahihishwe, kilichokosewa kimekosewa. Na kulikuwa na kilichokosewa. Tangu siku ile unyusi wa kushoto wa Mama Pacha ulikaa juu ya wa kulia na haukushuka, kama mwanamke aliyesikia jambo na haliamini. Gunia alimwambia hata hivyo ndivyo alivyomtazama siku zote akisimulia habari za safari. Wateja wakazoea. Vyerehani vikaendelea kuja, na sikio likaendelea kuvisikia.

Darasa lilifungwa. Mwalimu hakuwatembelea kwa miezi minne, kwa aibu. Siku aliyokuja ilikuwa asubuhi, jua linang'aa, na alileta matunda. Alikaa sebuleni mkabala na mchoro wakati Gunia akichemsha chai, na Mama Pacha alikuwa chumba cha nyuma na mashine ya mtu. Walikunywa, wakazungumza habari za afya. Mwalimu hakusema neno hata moja juu ya mchoro. Aliaga mapema, akashika mkono wa Gunia kwa mikono yake miwili bila kumwangalia usoni, akaondoka kwa haraka isiyo ya mtu wa umri wake.

Gunia alirudi kukusanya vikombe. Juu ya mkono wa kiti alichokalia Mwalimu kulikuwa na vumbi la kifutio.

Akatazama ukutani. Fremu ilikuwa imepinda kidogo. Unyusi wa kushoto ulikuwa umeshushwa kwa mstari mmoja safi, wa mkono uliofundisha miaka thelathini, na sasa nyusi zote mbili zilikuwa sawasawa.

Kule nyuma gurudumu la cherehani lilikuwa linazunguka polepole. Alikwenda hadi mlangoni. Mkewe alikuwa amempa mgongo, amelaza kichwa juu ya chuma.

"Mama Pacha," aliita.

Gurudumu likasimama. Aliinua kichwa, akageuka taratibu, na alikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuwa, kila kitu usoni pake kimekaa mahali pake.

"Hutazami, Bwana Gunia," alisema.